SOMO LA AFYA: YOWE NDANI YA MWILI WA MAMA



Yowe likipigwa usiku, sungusungu hutoka mbio kwenda penye hatari. Lakini fikirini mwizi ambaye hakufuata ng'ombe. Anawataka sungusungu wenyewe. Kwake yeye yowe ni faida. Kirusi cha UKIMWI ni mwizi wa namna hiyo. Leo tutasoma jinsi kinavyoingia katika mwili wa mwanamke. Sisi ni watu wazima, basi viungo tutavitaja kwa majina yake.

Ndani ya uke na kwenye mlango wa kizazi kuna utando laini wenye unyevu. Utando huo ni ukuta. Humo pia wanaishi vijidudu vyema ambavyo hutengeneza uchachu unaofukuza vijidudu vibaya. Na ndani ya ukuta wako walinzi, chembe nyeupe za kinga. Baadhi yao wataalamu huwaita CD4. Hao ndio huwaongoza wenzao. Na hao hao ndio kirusi huwatafuta: huingia ndani ya chembe, huzaliana humo, na chembe hufa.

Ukuta ukiwa mzima, kirusi hupata taabu kupita, ingawa chaweza kupita. Sasa basi, mama akiwa na kidonda ukeni, au kisonono, yowe limepigwa. Ukuta una nyufa, na CD4 wamekusanyika kwa wingi pale pale mlangoni. Mwizi anakuta mawindo yanamngoja!

Kikishaingia hakikai hapo. Katika wiki chache za mwanzo huua CD4 wengi katika utando wa utumbo, ambako walinzi wa mwili ni wengi sana. Mama huyo huenda bado analima na kuteka maji, hana habari.

Jambo hili lilipimwa mkoani Mwanza miaka ya 1991 hadi 1994. Katika baadhi ya maeneo ya vijijini, waganga wa zahanati walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa, na dawa zikapelekwa. Maeneo mengine yalingoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: penye tiba, maambukizo mapya ya UKIMWI yalipungua kwa karibu 40 kwa mia. Majaribio ya baadaye nchini Uganda hayakuona punguzo kama hilo. Kwa hiyo tiba hii ni msaada, lakini haitoshi peke yake. Kondomu bado inatakiwa.

Wako akina mama wanaojiosha ndani kwa sabuni, au kutia majani ili uke ukauke. Wengi hufanya hivyo kumridhisha mwanamume. Utando huchubuka na vijidudu vyema hufa. Osha nje tu, kwa maji.

Mkiona uchafu usio wa kawaida au kidonda, nendeni zahanati mapema, mume na mke pamoja. Akitibiwa mmoja, mwingine atamrudishia. Tena wanawake wengi wenye kisonono hawaoni dalili yo yote, kwa hiyo mume akiugua, mke naye apimwe.

Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hutolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Anayezimeza kila siku mpaka kipimo kisione tena virusi, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Swali la kuzungumza kikundini: Kwa nini kidonda kidogo ukeni ni hatari kuliko kinavyoonekana?