SOMO LA MWEZI: KIKOMBE KIKIVUNJIKA

Shabaha ya somo: Kujua namna ya kutumia vigae vya vikombe kwa kazi ya nyumbani, na kuelewa kwa nini kitu kilichovunjika hupewa kazi nyingine badala ya kurudishiwa ile ya kwanza.

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Ayubu 2:8; Isaya 30:14; Yeremia 18:1-6; Yeremia 19:1-11.

UTANGULIZI

Katika nyumba zetu hapa makazini kuna kikombe cha plastiki cha maji, kuna kikombe cha bati cha uji, na wengine wetu tuna kikombe kimoja au viwili vya kauri, ambavyo ni vya mgeni. Kikombe hicho kikianguka, mama wa nyumba huumia kuliko bei yake, maana kilikuwa heshima ya nyumba.

Baada ya hapo vipande hutupwa nyuma ya jiko au kwenye shimo la taka. Mvua inakuja na kuvifunua. Watoto wetu wengi wanatembea peku, na kigae hakiozi: kilichotupwa mwaka huu kitakata mguu wa mtoto mwaka kesho. Kwa hiyo tunajifunza jambo hili kwa ajili ya usalama wao, na pia kwa sababu kigae kinaweza kufanya kazi.

1. KIGAE NI KITU GANI?

Kikombe cha kauri ni udongo uliochomwa katika tanuru, kwa kawaida katika joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Udongo ukishapita moto huo haurudi tena kuwa tope, hata ukiulowesha mwaka mzima. Juu yake hupakwa rangi inayoyeyuka na kuwa kama kioo. Ndiyo sababu kigae kinang'aa, hakipitishi maji upande uliopakwa, na ukingo wake hukata kama wembe.

Nabii Yeremia alijua tofauti hii. Katika sura ya 18 chombo kinaharibika mkononi mwa mfinyanzi, lakini udongo ungali laini, naye anaufinyanga upya. Katika sura ya 19 chombo kimekwisha kuchomwa, kinavunjwa mbele ya wazee, na hakiwezi kutengenezwa tena. Tuangalie hapa: sura ya 19 ni neno la hukumu kwa mji wa Yerusalemu wa wakati ule. Mtu asiichukue kumhukumia jirani aliyepoteza nyumba yake. Sisi hapa tunachukua elimu ya udongo tu.

Lakini watu wa zamani hawakuona kigae kuwa takataka tupu. Isaya anaonyesha kwamba kipande kikubwa kilitumika kuchukulia kaa la moto na kutekea maji. Ayubu alijikunia vidonda vyake kwa kigae. Wamisri waliandika hesabu na barua juu ya vigae, kwa kuwa karatasi za mafunjo zilikuwa na gharama. Na kule Athene, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, wananchi waliandika jina la mtu juu ya kigae ili afukuzwe mjini kwa miaka 10.

2. MAMBO YA KUTOFANYA

(a) Tusigundishe kikombe kilichopasuka kisha tukanywea. Gundi za kawaida hazikutengenezwa kwa ajili ya chakula wala chai ya moto. Ufa huficha uchafu, na kikombe kinaweza kuachia ghafula na kumwunguza mtu.

(b) Tusimpe mtoto kazi ya kuvunja vigae.

(c) Tusisage vigae vikavu. Vumbi lake linadhuru mapafu. Ukitaka kupunguza ukali wa ukingo, lowesha kigae na usugue juu ya jiwe la kunolea lenye maji.

3. KAZI YA MIKONO: KIBAO CHA KUWEKEA SUFURIA

Kuna vitu vingi vya kutengeneza: fremu ya kioo, kibao cha namba ya nyumba, pambo la chungu cha maua. Tunaanza na kibao cha kuwekea sufuria ya moto, kwa sababu kila nyumba yenye meza inakihitaji, na kauri na simenti havidhuriwi na joto la sufuria ya ugali au ya sombe.

Vifaa: vigae vilivyooshwa, nyundo, gunia, simenti, mchanga uliochekechwa, vipande vinne vya ubao vya kufanya fremu, nailoni, na mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi, maana simenti mbichi huchoma ngozi.

Hatua ya kwanza. Funga kikombe ndani ya gunia na ugonge polepole. Ukuta wa kikombe umepinda, kwa hiyo kipande kikubwa hakilali sawa. Fanya vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kitako cha kikombe kikipona, kiache kizima. Kinafaa kuwa moyo wa ua. Vipande vya sahani ni bapa zaidi na vinaweza kuwa vikubwa.

Hatua ya pili. Panga vigae vikavu chini kwanza, upande wa rangi juu, mpaka mpango ukupendeze. Ukishaanza na simenti hakuna muda wa kufikiri.

Hatua ya tatu. Tandika nailoni mahali palipo sawa, weka fremu yenye nafasi ya sentimita 20 kwa 20. Changanya kipimo 1 cha simenti na vipimo 3 vya mchanga, tia maji kidogo kidogo hadi iwe kama ugali laini. Jaza unene wa sentimita 2 na usawazishe.

Hatua ya nne. Bonyeza vigae kimoja kimoja, ukiacha nafasi ya milimita 2 au 3 kati yao, mpaka simenti ipande na kufunika kingo zote. Pitisha kidole kilichovaa plastiki: kikikwaruza, bonyeza tena.

Hatua ya tano. Simenti ikianza kukaza, futa uso kwa kitambaa chenye unyevu ili rangi ionekane. Baada ya saa 24 toa fremu, funika kibao kwa gunia lililoloweshwa, na ulitunze lenye unyevu siku 7. Simenti inayokauka haraka juani hupasuka.

Hesabu. Kibao kimoja kinakula karibu nusu kilo ya simenti. Mfuko wa kilo 50 unaweza kutoa vibao vipatavyo 90, tukitoa kitakachopotea. Mtu mmoja si rahisi anunue mfuko, lakini akina mama kumi wanaweza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Gawanyeni bei ya mfuko kwa 90, ongezeni mchanga na muda wenu, ndipo mtaje bei sokoni. Andikeni pia, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tena tusidanganyane: kazi hii haitalisha nyumba peke yake. Inaweza kununua chumvi, sabuni na madaftari.

4. MFANO WA MKIMBIZI MMOJA

Nek Chand alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji ambacho leo kiko Pakistan. Mwaka 1947 India ilipogawanywa, jamaa yake ilikuwa miongoni mwa mamilioni walioacha makao yao na kuvuka mpaka mpya. Baadaye alipata kazi ya kusimamia barabara huko Chandigarh, mji uliokuwa ukijengwa upya. Ili mji ujengwe, vijiji vilibomolewa, na mabaki yakatapakaa: sahani, vikombe, vigae, bangili zilizovunjika.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, baada ya saa za kazi, aliyakusanya kwa baiskeli na kuyapeleka penye korongo msituni. Huko alijenga kuta, watu na wanyama wa simenti, akawavisha vigae. Ardhi ile ilikuwa ya serikali na ujenzi haukuruhusiwa, hivyo alifanya kwa siri karibu miaka 18. Wakuu walipoiona kazi walingeweza kuibomoa. Badala yake bustani ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1976, naye akalipwa mshahara wa kuiendeleza. Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 90, na bustani ingalipo.

Sisi tusiige sehemu ya siri. Kabla ya kupamba njia au ukuta wa watu wote, tumwone kiongozi wa kijiji.

5. TUNAJIFUNZA NINI?

Nek Chand hakujenga upya kijiji chake. Hakuvirudisha vikombe vile kuwa vikombe. Alivipa kazi nyingine, na kazi hiyo ilikuwa ya kweli.

Wengi wetu tulitoka Kivu, wengine Burundi. Tunapofarijiana tuna desturi ya kusema, "Yote yatarudi kama zamani." Tunalisema kwa upendo, lakini mjane anayelisikia anajua kwamba mume wake hatarudi, na yule aliyekuwa mwalimu anajua kwamba shule yake ilichomwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Neno lisilo kweli halifariji. Linamwacha mtu peke yake na msiba wake. Ni afadhali tukae naye, tukubali kwamba kilichovunjika kimevunjika, kisha kwa wakati wake tumwulize: Mikono yako inajua nini? Yule mwalimu anaweza kuwafundisha watu wazima kusoma chini ya mti. Hiyo si shule yake ya zamani, ila ni kazi, na watu watasoma.

Wala tusimharakishe mtu. Kigae kikiokotwa upesi bila kutazama, kinakata.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika Yeremia 18 na 19, udongo una hali gani mbili? Tofauti yake ni nini?
2. Ni maneno gani ya faraja tunayoyasema ambayo si kweli? Tungesema nini badala yake?
3. Ni nani katika kijiji chetu ana ujuzi ambao haujapewa kazi?

KAZI YA NYUMBANI

Kila kikundi kitafute debe moja lenye kifuniko. Wazazi wapite nyuma ya nyumba na kwenye njia za watoto, waokote vigae kwa mikono iliyofunikwa, waviweke humo. Debe likijaa, fundisheni hatua tano hizi kwa nyumba nyingine.