Kununua ploti ya kupangisha Buteba kwa pesa ya mtu

Hapa Buteba, wilaya ya Busia upande wa Uganda, wapangaji hawakosekani: utingo wa malori ya Malaba, walimu, na siku hizi vijana wanaofuata kazi za dhahabu. Kinachosumbua ni pesa ya kununulia. Benki inataka hati, na ardhi yetu nyingi ni ya kimila. Ndiyo maana sehemu ya bei nilikopa kwa mfanyabiashara wa nafaka tunayejuana, nyingine nikatoa mfukoni.

Kabla ya kuahidi mtu chochote, piga hesabu. Vyumba 6 vya shilingi 60,000 vinaleta 360,000 kwa mwezi. Kimoja kikikaa wazi, unabaki na 300,000. Ukikopa milioni 10 kwa mkopeshaji mwenye leseni, kikomo cha riba kilichowekwa 2024 ni asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 280,000, na deni lenyewe hujaligusa! Kwa kiasi hichohicho, mimi na yule mfanyabiashara tulielewana asilimia 1 ya salio kila mwezi, kwa miaka 5. Mwezi wa kwanza nililipa kama 267,000, kisha ikawa inashuka. Usitegemee kupandisha kodi ikuokoe. Sheria ya 2022 hairuhusu kuzidisha asilimia 10 kwa mwaka.

Mkopeshaji wako akiwa wa ng'ambo ya Busia, atataka deni liandikwe kwa shilingi za Kenya. Kataa kwa heshima. Mpangaji anakulipa za Uganda, na pesa ikiyumba ni wewe utakayefidia. Akikuomba utie sahihi mkataba wa mauzo usio na tarehe "kama dhamana tu", aga uende zako.

Siku ya kununua, msiishie kuandikiana mezani. Tulizunguka mpaka na majirani, mmea kwa mmea, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akiwa na daftari kwapani. Muuzaji alishashika kalamu, mwenyekiti akamzuia: "Mzee, mama yuko wapi?" Akaitwa kutoka shambani, mikono ina udongo, akasomewa karatasi yote ndipo akaweka dole gumba. Ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Huo si ustaarabu tu, ni sheria.

Mkenya anayesoma hapa ajue kwamba kwetu raia wa nje hukodishiwa ardhi tu, isizidi miaka 99.

Halafu kuna ushuru wa pango: asilimia 12 ya mapato yanayozidi 2,820,000 kwa mwaka. Kwa vyumba vile 6 vikijaa, ni 180,000. Mimi hutenga 15,000 kila mwezi, kabla sijamlipa hata yule bwana wa nafaka.