Kilabuni Mkoani Mara: Mwongozo wa Mgeni wa Musoma, Bunda na Butiama

Kilabu cha pombe ni nyumba, banda au kivuli cha mti ambapo pombe ya kienyeji huuzwa kwa kipimo na kunywewa papo hapo, watu wakiwa wameketi pamoja. Mkoani Mara watu huenda kilabuni kupata habari za kijiji, kutafuta kibarua, kuulizia ng'ombe anayeuzwa na kusuluhisha waliokosana. Watu wa Ireland nao wana nyumba za namna hiyo, ziitwazo pub, jina lililofupishwa kutoka maneno yenye maana ya nyumba ya watu wote. Pub ina kaunta na mapipa. Kilabu kina mabenchi, ndoo au mtungi, na mama anayeuza pombe aliyoipika kwa mikono yake. Mgeni aliyekuja Mara kuona ziwa, hifadhi ya Serengeti au kaburi la Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, huwakuta kilabuni wenyeji wakiwa wamepumzika na wana nafasi ya kuzungumza.

Asili ya kukaa pamoja

Zamani pombe haikuwa bidhaa ya kuuza. Kwa Wazanaki, Wakurya na jirani zao, mwenye shamba alipika pombe kisha akawaita majirani waje kulima au kuvuna, na kazi ilipokwisha wote waliketi kunywa. Kazi ya ushirika ya namna hii huitwa risaga. Wazee walizunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija mirefu, kila mmoja mahali panapolingana na umri na rika lake. Pombe ilihitajika pia katika harusi, matambiko na mapatano ya mahari. Leo kilabuni kila mtu hulipia kipimo chake, lakini kanuni mbili za wakati ule zinaendelea: pombe ni ya kunywa na wenzako, na mkubwa hutangulizwa kwa heshima. Mgeni akizishika hizo mbili, mengine atafundishwa.

Kinachonywewa

Pombe za Mara hupikwa kwa mazao ya palepale: mtama, ulezi, mahindi na muhogo. Mtama au ulezi hulowekwa, hufunikwa mpaka uote, huanikwa juani, kisha husagwa kuwa kimea. Unga wa mahindi au muhogo hukandwa na kuachwa uchachuke, halafu hukaangwa juu ya moto mkali hadi ubadilike rangi na kunukia. Vitu hivyo viwili huchanganywa na maji, na kimea ndicho kinachougeuza wanga kuwa sukari inayochachuka. Baada ya siku chache pombe huchujwa, machicha yakabaki. Pombe hii, ambayo wengi huiita busaa, ni nzito, ina uchachu, na huendelea kuiva hata baada ya kuchujwa. Ya siku ya kwanza huwa laini. Ya siku inayofuata huwa kali zaidi. Inafaa mgeni anayeionja kwa mara ya kwanza aulize imechujwa lini, na aanze na kikombe kidogo.

Kwenye baa za mjini kuna bia za chupa. Balimi, bia ya Kanda ya Ziwa, ina jina lenye maana ya wakulima. Safari, Kilimanjaro na Serengeti hupatikana karibu kila mahali. Mgeni atokaye Ireland atakuta pia Guinness, bia nyeusi ya kiwanda kilichoanza Dublin mwaka 1759, ambayo huuzwa Tanzania na kampuni ya Serengeti. Mhudumu huuliza, "Ya moto au ya baridi?" Ya moto ni ile ambayo haikuwekwa kwenye friji, na wenyeji wengi huipenda hivyo. Chupa hufunguliwa mezani mbele ya mnywaji. Iliyoletwa ikiwa wazi inaweza kukataliwa bila kumkosea mtu.

Musoma

Musoma ni makao makuu ya mkoa, mji uliojengwa kwenye rasi inayoingia Ziwa Victoria. Mabasi hushusha abiria stendi ya Bweri, na bodaboda huwafikisha katikati ya mji. Baa za karibu na ufukwe huvutia wafanyakazi wa ofisini na wageni, hasa jua linapozama ziwani. Vilabu vya pombe ya kienyeji viko zaidi kwenye mitaa ya pembeni na karibu na mialo ya samaki. Hali ya mialoni hufuata mwezi: wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Usiku huo ndio wa mazungumzo marefu. Wajita, Wakwaya, Waruri, Wajaluo na Wakurya hukutana hapa, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Bunda

Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, mpakani mwa Kenya. Upande mmoja kuna njia ya lango la Ndabaka la Serengeti. Upande mwingine kuna njia ya Kibara na Kisorya, inakopatikana feri ya kwenda Ukerewe. Kwa sababu hiyo baa za Bunda ni za wasafiri: madereva wa malori, wafanyabiashara wa samaki na mifugo, na waongoza watalii. Mazungumzo huwa ya bei, barabara na mvua. Siku za mnada vilabu hujaa mapema, kwa kuwa aliyeuza ng'ombe hutarajiwa kuwakumbuka wenzake. Mgeni anayetaka utulivu achague siku nyingine.

Butiama

Butiama ni kijiji cha Wazanaki alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Burito, na alikozikwa baada ya kufariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999. Magari hukata kutoka barabara kuu eneo la Makutano. Utaratibu mzuri ni kuanza na Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, kisha Mwitongo, kwenye makazi ya familia na kaburi, na kilabuni kuja mwisho, jioni. Haifai kwenda kaburini ukiwa umekunywa. Vilabu vya hapa ni vidogo na kila mtu hufahamiana, kwa hiyo mgeni aende na mwenyeji atakayemtambulisha. Tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, kijiji hupokea watu wengi, na malazi hutafutwa mapema.

Adabu za kilabuni

Anayeingia huanza kwa salamu. Wazee huamkiwa "Shikamoo" mmoja mmoja, au kwa pamoja "Shikamooni", na aliyeingia husubiri kuonyeshwa pa kukaa. Mwenye pombe huitwa mama, mhudumu wa baa huitwa dada au kaka, na mwanamume mtu mzima huitwa mzee au baba. Vijana wa Kikurya huitana "mura", neno la udugu wa vijana. Mgeni asilitumie kwa mzee.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mwenye pombe huionja kwanza kabla ya kumpa mgeni, kuonyesha kuwa ni salama. Kikombe hupokewa kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili. Kikizunguka kwa watu kadhaa, mtu hunywa kidogo na kukipitisha. Aliyenunuliwa hurudisha ofa kabla ya kuondoka, na mgeni akiwanunulia wazee kipimo kimoja hutosha. Anayemwaga pesa kwa meza nzima huwatia aibu wasioweza kurudisha. Picha hupigwa baada ya kuomba ruhusa ya mwenye kilabu na ya wanaopigwa.

Si kila mtu wa Mara hunywa pombe. Wamennonite, walioanza kazi yao Shirati mwaka 1934, na Wasabato, waliofika mkoani tangu wakati wa Wajerumani, hufundisha waumini kujiepusha nayo, na Waislamu vilevile. Asiyekunywa hukaribishwa kwa soda, na hakuna anayemshurutisha mwenzake.

Chakula na burudani

Pombe haianzi kwenye tumbo tupu. Musoma chakula cha kwanza kuulizia ni sato au sangara wa kukaanga, na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama. Bunda na kandokando ya barabara kuna nyama choma ya mbuzi na ng'ombe, na sehemu nyingine kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Mteja huchagua nyama ikiwa mbichi, hupimiwa, hupatana bei, kisha husubiri. Saa nzima ya kusubiri ni kawaida.

Mchana wanaume hucheza drafti na bao. Kwa Wazanaki bao huitwa orusoro, na Mwalimu Nyerere alilipenda maisha yake yote. Anayetaka kucheza hukaa kwanza atazame mizunguko michache. Jioni redio na televisheni huleta mpira: Simba, Yanga, na timu ya nyumbani ya Biashara United Mara yenye uwanja wake wa Karume, Musoma. Penye sherehe huenda likasikika ritungu, zeze kubwa la nyuzi nane la Wakurya, na hapo mpigaji hutuzwa pesa kidogo.

Sheria na usalama

Muuzaji wa pombe lazima awe na leseni, na sheria ya vileo ya mwaka 1968 inaweka saa za kuuza. Siku za kazi baa nyingi huchangamka kuanzia alasiri. Aliye chini ya miaka 18 hauziwi. Pombe za kwenye vifuko, yaani viroba, zilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Gongo, pombe ya kukenekwa kienyeji, ni kosa kuitengeneza na kuiuza, na yenye sumu imewahi kupofusha na kuua watu. Mgeni akipewa kinywaji cheupe kama maji chenye harufu kali, aseme tu, "Asante, hii siinywi."

Pesa ndogo ndogo ni muhimu, kwa kuwa chenji hukosekana. Baa za mjini hupokea pia malipo ya simu. Dereva hanywi, na anayepanda bodaboda usiku huhakikisha kwanza kuwa mwendeshaji naye hajanywa. Usafiri wa kutoka Butiama hupungua jioni, hivyo mtu hupanga gari la kurudi, au kitanda, kabla ya kikombe cha kwanza. Anayeondoka huwaaga wazee kwanza, humshukuru mama mwenye pombe, na hurudisha kikombe mkononi mwake.