SOMO LETU: VIFARANGA WA KAMBARE – PANGENI KABLA YA KUGAWA



Tunapozunguka vijijini, lalamiko moja tunalisikia tena na tena. Kikundi kimenunua vifaranga wa kambare kwa fedha za mzunguko, kikawatia kidimbwini, na baada ya miezi miwili wamebaki wachache tu. Mnunuzi asema amepunjwa. Muuzaji aapa alihesabu sawasawa. Ujirani waharibika, na pengine hakuna aliyeiba: kambare wakubwa wamewameza wadogo wao.

Basi tujifunze kuwatunza vifaranga mpaka wapate makao mapya.

1. Tafuteni makao kwanza
Mama wa kilo moja hutoa mayai makumi ya maelfu. Kabla ya kuanza, ulizeni: nani ana kidimbwi tayari, na anataka wangapi?

2. Kuangua
Kambare aliyefungiwa kidimbwini kwa kawaida hatagi. Hungojea mvua na mafuriko. Ndiyo sababu hudungwa sindano ya homoni. Kazi hii ifanyeni pamoja na afisa wa uvuvi. Mama hukamuliwa mayai na kurudishwa majini. Dume huchinjwa ili kupata mbegu. Mayai na mbegu vichanganywe bila maji, kisha ndipo maji yatiwe. Katika maji ya nyuzi 26 hadi 28, huanguliwa kwa siku moja au moja na nusu. Mayai yaliyokufa huwa meupe. Yaondoeni upesi yasilete ukungu.

3. Kulisha
Siku kama tatu za kwanza vifaranga huishi kwa kiini walichozaliwa nacho. Baadaye wapeni vidudu vidogo vya majini vinavyozaliana katika kidimbwi chenye samadi, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Wawekeni kivulini na kuwafunika kwa wavu, maana ndege na vyura hawachelewi. Wakikaa na njaa, watalana zaidi.

4. Kupanga
Hapa ndipo wengi wetu huona uvivu. Watoto wa mama mmoja hawakui sawa. Kila wiki, asubuhi kukiwa baridi, wapitisheni katika beseni lililotobolewa matundu yanayolingana, likiwa ndani ya maji. Wadogo watapita, wakubwa watabaki. Kila kimo kiwe na mahali pake.

5. Kugawa
Ngojeni wafike urefu wa kidole. Siku moja kabla ya safari msiwalishe, wasichafue maji. Safirini alfajiri. Mkifika, mfuko uelee kidimbwini dakika 15 hadi 20, mwongeze maji ya kidimbwi kidogo kidogo, kisha watoke wenyewe. Wahesabuni pande zote mbili zikiwepo, mwandike idadi, kimo na tarehe, na wote watie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

6. Waliosalia
Msiwamwage mtoni, ati Mungu atawalisha. Miaka ya 1950 sangara waliingizwa Ziwa Victoria, na baadaye aina nyingi za fulu zikatoweka. Samaki wa kufugwa wanaweza pia kupeleka magonjwa mtoni. Afadhali kumpa jirani mwenye kidimbwi lakini hana pesa. Naye atalipa akivuna.

Ya kujadiliana kikundini
– Nani kati yetu atapanga vifaranga kila wiki, na akiugua nani atashika zamu?
– Vifaranga wakifa njiani, hasara ni ya nani? Tukubaliane kabla ya kuuza.
– Ni jirani gani tunayeweza kumwanzishia kidimbwi mwaka huu?