Asili ya Shujaa: Pambo au Mzizi?

Muhula uliopita chama chetu cha majadiliano kilifanya mkutano uliopita saa yake. Hoja ilikuwa hii: si lazima sinema ifuate asili ya shujaa aliyetoka katika kitabu cha katuni. Wapinzani wa hoja walisimama juu ya methali isemayo, "Mwacha asili ni mtumwa." Watetezi wakajibu kwamba mtu wa karatasi hana mama wala kaburi la babu, basi mtengenezaji wa sinema na amvike asili aipendayo. Kengele ya chakula ililia kabla ya kura kuhesabiwa.

Mlangoni mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinifuata. Alisema kwamba mtoto wa shangazi yake, asomaye ng'ambo, aliulizwa na wenzake kama ni kweli huku kwetu Kenya watu humwabudu mwanamke aletaye mvua. Walikuwa wamesoma habari za shujaa aitwaye Storm. "Mwalimu," akauliza, "huyu Storm ni mtu wa kwetu au si wa kwetu?" Siku ile sikumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na wengine wote mwakaribishwa kulisoma.

KIPIMO CHETU

Tusemapo asili twakusudia mambo matatu: ukoo au kabila la mtu, taifa lake, na dini yake. Katika hadithi, asili yaweza kukaa kwa namna mbili. Yaweza kuwa pambo, kama ushanga shingoni. Ukivuliwa, mtu ni yule yule. Au yaweza kuwa mzizi. Ukikatwa, mti hukauka.

Namna ya kupima ni rahisi. Iondoe asili ya shujaa, kisha jaribu kuisimulia hadithi yake upya. Ikiwa hadithi yasimama, asili ilikuwa pambo. Ikiwa yaanguka, ilikuwa mzizi. Haya, tuanze kupima.

MGENI ALIYEPONYA WENYEJI

Superman alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1938, katika toleo la kwanza la Action Comics. Waliomtunga walikuwa vijana wawili wa mji wa Cleveland, Marekani: Jerry Siegel aliyeandika, na Joe Shuster aliyechora. Wote wawili walikuwa watoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya. Kitabuni hawakumpa Superman dini yao. Lakini walimpa jambo walilolijua nyumbani: mtoto aliyetoka katika nchi isiyoweza kurudiwa, mwenye jina moja la kwao na jina jingine la ugenini, naye awatumikia waliompokea. Wahenga wetu wangalisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwaka 1946 Superman alikuwa katika redio pia. Katika mchezo mmoja wa mfululizo alimlinda mtoto wa jamaa ya Kichina iliyohamia mjini, iliyokuwa ikitishwa na chama cha siri cha watu wenye chuki ya rangi. Kila Mmarekani aliyesikiliza alitambua kwamba chama kile kilikuwa mfano wa Ku Klux Klan. Mwaka 2019 Gene Luen Yang, mwandishi Mmarekani wa ukoo wa Kichina, alianza kuirudisha hadithi ile ya redio katika kitabu cha katuni, na humo akauweka wazi ugeni wa Superman mwenyewe: mgeni alimlinda mgeni. Uondoe ugeni huo, utabaki na mtu mwenye nguvu tu, na watu wenye nguvu ni wengi hata sokoni. Hapa asili ni mzizi.

HASIRA YENYE SABABU

Mfano wa pili ni wa adui wa mashujaa, kwa maana adui naye ana kwao. Magneto alipotokea katika kitabu cha kwanza cha X-Men, mwaka 1963, alikuwa mwovu tu, mwenye uwezo wa kuvuta chuma, atakaye kutawala dunia. Hatukuambiwa kwa nini. Mwaka 1981 mwandishi Chris Claremont alieleza kwamba alikulia Auschwitz, kambi ya Wanazi katika Poland, ambako jamaa zake waliuawa. Vitabu vya baadaye vilisema bila kuficha kwamba yeye ni Myahudi wa Ujerumani.

Sinema ya X-Men ya mwaka 2000 ingaliweza kuyaacha hayo. Badala yake ilianza nayo: Poland, mwaka 1944, mvua yanyesha, mtoto atenganishwa na wazazi wake, na malango ya chuma yapinda kwa uchungu wake. Baada ya dakika hizo chache, mtazamaji hahitaji kuelezwa kwa nini mzee huyu haamini kwamba serikali zitawahurumia watu walio tofauti. Hatuyakubali matendo yake, lakini twajua yalikotoka. Ondoa asili ile, na hasira yake itakuwa wazimu mtupu.

MZEE WA TIBET

Sasa twafika mahali ambapo upinzani ulikuwa mkali. Daktari Strange, katika vitabu vya 1963, alifunzwa uchawi na mzee wa Tibet aliyeitwa "wa Kale". Katika sinema ya 2016 mwalimu huyo alikuwa mwanamke wa asili ya Kikelti, akiigizwa na Tilda Swinton wa Uingereza. Watengenezaji walisema walitaka kukwepa picha iliyochakaa ya mzee wa Asia mwenye ndevu na hekima za ajabu, ambaye kazi yake ni kumfundisha Mzungu.

Tukitumia kipimo chetu, hadithi yasimama: mwalimu afundisha, mwanafunzi ajifunza. Basi asili ya Tibet ilikuwa pambo. Lakini angalieni vema, maana hapa ndipo wengi hukosea. Ilikuwa pambo kwa sababu waandishi wa kwanza hawakuipa kazi. Hawakutueleza Watibeti waishije, wala wasali vipi, wala mzee yule alipenda nini. Dawa ya pambo ingaliweza kuwa kulipa mzizi. Wao walilivua, na mwigizaji wa Asia akakosa nafasi iliyokuwa yake. Mwaka 2021 Kevin Feige, mkuu wa kampuni iliyotengeneza sinema ile, alikubali kwamba ingewezekana kuikwepa ile picha iliyochakaa na bado kumchagua mwigizaji wa Asia.

BINTI WA JERSEY CITY

Yupo aliyepewa mzizi tangu mwanzo. Kamala Khan, aitwaye Ms. Marvel, alianza kitabu chake mwenyewe mwaka 2014. Ni msichana Mwislamu, mzaliwa wa Marekani, na wazazi wake walitoka Pakistani. Aliyemwandika, G. Willow Wilson, ni Mwislamu. Na mhariri Sana Amanat, aliyeshiriki kumbuni, naye alikulia Marekani katika nyumba ya Kipakistani.

Mwaka 2022 hadithi hiyo ilifanywa mfululizo wa televisheni wa sehemu sita. Tazameni walichobadili na walichokiacha. Kitabuni nguvu zake zilitokana na ukungu wa ajabu, naye aliweza kurefusha viungo vyake. Katika televisheni nguvu zilifunguliwa na bangili aliyoirithi kutoka kwa mama wa bibi yake, na bangili ile yaturudisha mwaka 1947, wakati Bara Hindi lilipogawanywa kuwa India na Pakistani, na mamilioni ya watu wakahama makwao. Basi walizibadili nguvu, lakini dini na ukoo wakavishika. Tena wakavifanya kuwa chemchemi ya nguvu zenyewe. Msikitini mwake hakuhubiriwi wageni. Ni mahali pa kawaida: watu husali, hugombea nafasi katika kamati, na rafiki yake aibiwa viatu vizuri alivyoviacha nje. Ni nani katika sisi tuliokulia karibu na msikiti asiyeijua hasara hiyo?

NCHI ILIYOOTWA

Black Panther, mfalme wa Wakanda, alitungwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimepata uhuru kwa miaka michache tu. Wakanda ni nchi ya Afrika isiyopata kutawaliwa na wageni. Ondoa jambo hilo, hakuna hadithi.

Sinema ilihitaji kuipa nchi hiyo sauti na nguo. Mwaka 2016, katika sinema iliyomtangulia, mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini alizungumza Kixhosa, lugha yake mwenyewe, na Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda. Kwa sinema ya 2018 mshoni Ruth E. Carter alichukua rangi nyekundu na shanga za Wamasai, akachukua mablanketi ya Wasotho, na kazi yake ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Mwenzetu Lupita Nyong'o alikuwa miongoni mwa waigizaji wakuu.

Mwanafunzi wa jiografia atauliza: Wamasai na Wasotho wametengana kwa zaidi ya kilomita 2,000, imekuwaje wakaishi bonde moja? Jibu ni kwamba ndoto huruhusiwa kukusanya. Lakini mtazamaji wa mbali asiyeijua Afrika kwa njia nyingine aweza kudhani bara zima ni kijiji kimoja. Kosa hilo si la mshoni peke yake. Litaondoka siku vijiji vingi vitakaposimulia vyenyewe.

SASA STORM

Storm alitokea mwaka 1975, akiwa kazi ya Len Wein na Dave Cockrum. Jina lake ni Ororo Munroe. Vitabu vyasema baba yake alikuwa Mmarekani mpiga picha, na mama yake, N'Daré, alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya. Walihamia Cairo. Katika vita vya Suez vya 1956 ndege ilianguka juu ya nyumba yao, wazazi wakafa, na mtoto akafukiwa chini ya kifusi. Ndiyo sababu tangu siku ile huogopa mahali pafinyu. Aliishi kwa wizi mitaani Cairo, kisha akatembea kusini mpaka Serengeti, ambako wenyeji walimwabudu kama mungu wa kike wa mvua.

Cairo ni mzizi: hofu yake yatoka pale. Lakini Kenya yake? Hapo mwandishi aliandika bila kuuliza. Makabila mengi ya Kenya hayakuwa na wafalme; yaliongozwa na mabaraza ya wazee. Wanga walikuwa na mfalme wao, Nabongo, lakini hadithi haikufika huko kujifunza. Serengeti nayo, kila mwanafunzi ajua, hifadhi yake iko Tanzania.

Kubwa zaidi ni mvua. Huku kwetu wako wajuzi wa mvua. Ukoo wa Nganyi, katika Bunyore, umejulikana kwa ujuzi huo kwa vizazi vingi. Hutazama miti, wadudu na upepo, na katika miaka yetu wataalamu wa hali ya hewa wa serikali wameketi pamoja nao kulinganisha utabiri. Watu huwaheshimu, wala hawawaabudu. Mjuzi wa mvua ni fundi. Wa kuabudiwa ni Mungu. Aliyetunga Storm alichanganya fundi na Mungu.

Na sinema ilifanya nini? Ile ya mwaka 2000, iliyoigizwa na Halle Berry, haikusimulia habari za mama yake. Ile ya 2016 ilimrudisha Cairo akiwa msichana mwizi, wala haikuendelea kusini. Hivyo kitabu kilichukua nchi yetu bila kuijua, na sinema ikaona ni pambo, ikaivua. Nani angeilaumu? Kisichopandwa hakina mzizi wa kukatwa.

JIBU LANGU

Basi, mwanangu, mwandikie ndugu yako hivi: Storm ni wa kwetu kwa jina la nchi, bado hajawa wa kwetu kwa habari. Waambie wenzake kwamba hatumwabudu mwanamke wa mvua. Kisha usiishie hapo. Waeleze mjuzi wa mvua ni nani na hutazama nini angani. Kukanusha peke yake huacha pengo, na pengo hujazwa na yeyote apitaye.

Wapinzani wa hoja walisema kweli kuhusu Magneto na Kamala. Watetezi walisema kweli kwamba karatasi haina kaburi la babu. Lakini anayeisoma karatasi analo, naye ndiye huulizwa maswali darasani. Sinema yaweza kubadili nguo, nguvu, hata sura. Itakapogusa asili, na iulize kwanza: hii inafanya kazi gani? Ikiwa haifanyi kazi, yafaa kuuliza kwa wenyewe kabla ya kuitupa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chagua shujaa mmoja umjuaye. Iondoe asili yake, kisha simulia hadithi yake kwa sentensi tano. Je, imesimama?
2. Eleza tofauti kati ya kubadili nguvu za Kamala Khan na kubadili asili ya mwalimu wa Daktari Strange.
3. Muulize mzee mmoja wa kwenu namna watu walivyoitabiri mvua zamani. Andika ukurasa mmoja. Ule ulio bora utachapwa katika gazeti letu la muhula ujao.