Rekoda yako ya video: anza na betri



Wadogo zangu wa Kisangani, na ninyi wa Isangi, Yangambi na Bafwasende, barua zenu za siku hizi zinafanana. Kijana wa chuo kikuu anataka kuwarekodi wazee wa Kiwagenia wakieleza jinsi wanavyosimika miti na kutega mitego yao mikubwa kwenye maporomoko. Binti mmoja wa Mangobo anataka koko wake, yaani bibi yake, asimulie siku zile za Juni 2000, wanajeshi wa Rwanda na wa Uganda walipopigana humu mjini mwetu kwa siku sita. Pesa ya kamera ya kitaalamu hawana. Wamesikia kwamba mtu anaweza kujiundia mashine ya kurekodi video safi na kuibeba kwenye mfuko, na swali lao ni moja: dada, ninunue lenzi gani?

Lenzi tutaifikia, mdogo wangu. Kwanza jiulize ni nini kitakachokupotezea picha ambazo tayari umezipata. Hapa kwetu jibu ni umeme, faili lililoharibika, joto na unyevu. Ukiunda mashine ya kushinda hivyo vinne, hata lenzi ya bei ndogo itakupa kazi ya kuheshimika.

Na kama kazi yako ni ya dakika kumi, tumia simu, usijisumbue. Mashine ya kujiundia ina maana pale mazungumzo yanapochukua saa nzima au mbili, maana simu hujaa, hupata joto, tena hupigiwa koko akiwa katikati ya neno zito. Mtazameni Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani aliyezaliwa 1984. Katika Examen d'État ya 2014 alikaa na wanafunzi wa hapa wakihangaikia mtihani wa taifa. Katika En route pour le milliard, filamu iliyochaguliwa Cannes 2020, aliwafuata wahanga wa vita vile vya siku sita wakishuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Filamu za namna hiyo hutoka kwa anayekaa na watu muda mrefu, kamera ikiwa tayari. Rekoda yenu iundeni kwa ajili ya uvumilivu huo.

Sasa hesabu, msikimbie. Picha moja ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080. Kila nukta ikichukua baiti 3, na picha zikiwa 30 kwa sekunde, unapata megabaiti 187 hivi kila sekunde. Kadi ya gigabaiti 64 ingejaa kabla ya dakika sita kwisha. Ndiyo maana ni lazima video ibanwe papo hapo, na njia ya kubana inayokubalika karibu kila mahali ni H.264. Ukiibana kwa megabiti 20 kwa sekunde, saa moja inachukua gigabaiti 9, na kadi ileile inabeba saa saba. Kwa mtu aliyeketi akizungumza, megabiti 10 zinatosha.

Kazi ya kubana inahitaji bodi yenye sehemu maalumu ya kuifanya, na hapo wengi hupoteza pesa. Kati ya kompyuta ndogo za Raspberry Pi, Zero 2 W iliyotoka 2021 na Pi 4 ya 2019 zina sehemu hiyo, zinabana 1080p kwa picha 30 bila kuchoka. Pi 5 ya 2023 ni mpya na ina nguvu zaidi, lakini sehemu hiyo imeondolewa, kwa hiyo hufanya kazi yote kwa akili yake kuu na kula umeme zaidi. Kwa mfuko wa begani chagua Zero 2 W. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 15, na kamera yake ya Camera Module 3 dola 25. Ongezeni gharama ya kuifikisha hapa, iwe kwa ndege kutoka Kinshasa au kwa barabara ya Beni na Komanda, na agizeni waya bapa mwembamba wa Zero palepale, kwa sababu ule unaokuja na kamera ni mpana na hauingii.

Tuje kwenye betri. Pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000 hupimwa kwa volti 3.7, maana yake ni saa-wati 74. Ukitoa kinachopotea katika kupandisha umeme hadi volti 5, zinabaki kama 60. Bodi ndogo pamoja na kamera ikila wati 3, ungepata saa 20. Mimi nawashauri mpange kwa nusu ya hapo, kwa kuwa maandishi ya nje ya pawabenki nyingi hayalingani na kilichomo. Kisha fanyeni jaribio hili kabla ya kununua: washa bodi kwa pawabenki, chomeka chaja, halafu ichomoe. Pawabenki nyingi hukata umeme kwa kitambo kidogo wakati huo, na bodi inazimika na kuwaka upya. Umeme wa nyumba unaporudi na kuondoka mara kwa mara, pawabenki ya hivyo itakukatia mahojiano kila mara.

Wale mnaofungua betri za kompyuta za zamani kuchukua zile seli za mviringo, nawasihi. Seli ya lithiamu isipite volti 4.2 ikichajiwa, na isishuke chini ya 3. Lazima iwe na bodi ya kuilinda, na seli iliyovimba au yenye kutu haiingii kwenye mashine yako. Inaweza kuwaka moto ndani ya mfuko uliouvaa wewe mwenyewe. Kama huna fundi unayemwamini, chukua pawabenki nzima.

Hata ukijiandaa vipi, siku moja umeme utakatika katikati ya kurekodi. Faili la MP4 la kawaida huandika orodha yake ya ndani mwishoni kabisa, rekodi inapofungwa. Likikatwa kabla, saa nzima inaweza kukataa kufunguka. Rekodini kwa MKV, au kwa mkondo mtupu wa H.264, na mkate vipande vya dakika tano tano. Programu ya rpicam-vid inaweza kukata hivyo yenyewe. Kwa njia hiyo umeme ukikatika, unapoteza sehemu ndogo tu ya kipande cha mwisho. Tena tenganisheni: kadi yenye mfumo wa kuendesha bodi ifungwe isiandikwe chochote, na video ziende kwenye hifadhi nyingine ya USB. Bodi inayozimwa ghafla huku ikiandika kwenye kadi ya mfumo mwisho wake hushindwa kuwaka. Na kila kadi mpya ipimwe kwanza kwa programu ya F3, kwani ziko kadi zinazojitangaza gigabaiti 512 na ndani hazifiki hata 32.

Kuna kitu kidogo ambacho kwa binti yangu wa Mangobo ni kikubwa kuliko lenzi. Zero 2 W haina saa inayoendelea kutembea ikizimwa. Bila intaneti, itaandika tarehe ya uongo kwenye kila faili. Ongezeni saa ya DS3231 yenye betri yake ya kidonge. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, na madai ya namna hiyo husimama juu ya ushahidi: nani alisema, wapi, lini. Ushuhuda wa koko wako unastahili tarehe ya kweli.

Sanduku sasa. Tuko karibu kabisa na ikweta, mvua hainyimi mwezi wowote, na unyevu huotesha ukungu juu ya kioo cha lenzi. Mkifunga kila tundu, bodi nayo inapika, na ikifika nyuzi 80 inaanza kupunguza kasi. Feni siipendi: inavuta unyevu ndani na sauti yake inaingia kwenye rekodi. Chukueni sanduku la alumini, hata lile la chakula, na kipande cha alumini kati ya akili kuu ya bodi na ukuta wa sanduku, joto litoke kwa ngozi ya nje. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walitumia alumini kwa roboti za kuongoza magari zilizosimamishwa Kinshasa 2013, zenye paneli za sola na kamera zake, na zilisimama juani na mvuani. Huyo ni dada yetu, wa nchi hii hii. Ndani wekeni vile vifuko vya chembe vinavyokuja na viatu vipya, na mvibadilishe vikilowa.

Sauti haina mlango kwenye bodi hii. Nunueni kadi ya sauti ya USB na maikrofoni ya kubana kwenye nguo, au rekodini sauti kwa simu na mpige kofi moja mbele ya lenzi, mpate pa kulinganishia baadaye. Pale Wagenia mto unanguruma. Maikrofoni iwe shubiri moja kutoka mdomoni. Chini ya mabati mvua ikianza, simamisheni, ngojeni.

Mwenye kamera ya mtumba kutoka Ulaya yenye tundu la HDMI, unayoona inaacha kurekodi kila dakika 29 na sekunde 59, jua kwamba haijaharibika. Kamera nyingi zilifungiwa hivyo kwa sababu ya ushuru wa Ulaya wa wakati huo kwa mashine zilizorekodi nusu saa na zaidi. Hiyo unaweza kuiunganisha na Pi 4 kupitia kidude cha kunasa HDMI cha USB, ikawa jicho na bodi ikawa kumbukumbu. Kagua kwanza kama menyu yake inaruhusu kutoa picha isiyo na maandishi ya skrini.

Lenzi, basi. Ile iliyomo kwenye Camera Module 3 inajirekebisha yenyewe na inatosha. Mketishe koko kando ya dirisha, uso wake upate mwanga wa nje, mgongo wako wewe uwe dirishani. Kabla ya kuwasha, mwambie picha zitakwenda wapi na nani atakayeziona, na akikataa sehemu fulani, ifute mbele yake. Jioni hiyohiyo nakili mara mbili, nakala moja ibaki kwa ndugu mwingine, ng'ambo ya mto kule Lubunga ikiwezekana.

Waliouliza kuhusu skrini: iacheni kwanza, inakula betri. Taa moja nyekundu inayowaka wakati wa kurekodi, na kitufe kimoja cha kuzima kwa utaratibu, vinatosha kwa mashine ya kwanza.