Mboji na Unyevu wa Udongo wa Bustani

Katika bonde la Kilombero maji hayaonekani kuwa haba. Wakati wa masika mto hufurika, na mashamba ya mpunga yanayoizunguka Ifakara hulowa kwa majuma mengi. Lakini ifikapo Agosti na Septemba, bustani za mboga zenye udongo wa kichanga hukauka upesi, na mkulima hulazimika kumwagilia mchicha na nyanya asubuhi na jioni. Sababu si jua peke yake. Udongo wenyewe hauna uwezo wa kuhifadhi maji.

Maji ya udongo hukaa katika nafasi ndogo zilizo baina ya chembe zake. Chembe za mchanga ni kubwa na nafasi zake ni pana. Kwa hiyo maji hushuka haraka, yakaiacha mizizi. Mboji, yaani mabaki ya mimea na samadi yaliyokwisha oza, hunyonya maji kama sifongo. Tena huunganisha chembe za udongo kuwa vibonge vidogo vyenye nafasi zinazofaa kushika maji na hewa.

Mali ghafi ya mboji imo bondeni humo. Mabua ya mpunga yanapochomwa baada ya mavuno, majivu hubakiza potasiamu, lakini sehemu kubwa ya kaboni na naitrojeni hupotea hewani. Hata hivyo, mabua yasifukiwe na kupandiwa mboga papo hapo. Yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Bakteria na kuvu wanaoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na mboga hugeuka manjano. Yafaa yarundikwe kwa tabaka pamoja na samadi na majani mabichi, yanyunyiziwe maji na kugeuzwa mara kwa mara mpaka yaoze. Mabua makavu yaweza pia kutandazwa juu ya tuta ili kupunguza mvukizo.

Jaribio: Toboa makopo 2 yanayolingana upande wa chini. Jaza la kwanza udongo wa kichanga. La pili, sehemu 3 za udongo huohuo na sehemu 1 ya mboji. Mimina polepole nusu lita ya maji katika kila kopo, kisha pima maji yanayotoka. Baada ya hapo, pima uzito wa makopo kila siku kwa wiki moja. Kopo lipi linapoteza maji upesi, na kwa nini?

Katika joto la bonde mboji huendelea kuoza na kwisha. Kwa hiyo haitoshi kuitia mara moja; sharti iongezwe kila msimu.